Nilivyotuliza mtandao wa ofisi bila kununua intaneti zaidi

Katika sacco ninayohudumia hapa katikati ya Nairobi, wanachama wakijaa kaunta mfumo ulikuwa unagoma, na simu za mezani zinazopitia mtandao zinameza maneno. Meneja alitaka kulipia intaneti ya kasi zaidi. Nilimwomba asubiri nipime kwanza. Laini ya nje haikuwa imetumika hata nusu. Msongamano ulikuwa ndani ya jengo, kwenye swichi za bei rahisi, vile visanduku vinavyounganisha kebo za mtandao, ambazo hakuna aliyewahi kuzipangilia.

Siku mtandao ulipozimika kabisa, chanzo kilikuwa kebo moja iliyochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ya chini ya meza. Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data, ina kihesabu kinachoiua ikizunguka sana, lakini fremu ya Ethernet, bahasha inayoibeba kwenye kebo, haina. Tangazo moja, yaani fremu inayotumwa kwa vifaa vyote, likiingia kwenye kitanzi, linazunguka na kuongezeka mpaka swichi zinalemewa.

Tiba yake ipo tangu 1985, mhandisi Radia Perlman alipobuni Spanning Tree, utaratibu wa swichi kuepuka vitanzi, akiwa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation. Swichi zinachagua mojawapo iwe mzizi, kisha zinafunga njia za ziada hadi njia kuu ikatike. Toleo la kwanza huchukua sekunde 30 hadi 50 kurejesha njia, muda mrefu mno kwa keshia mwenye foleni. Ndiyo maana niliwasha RSTP, toleo la 2001, ambalo kwa kawaida hurejea ndani ya sekunde chache au chini ya hapo.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulipita, na linaniuma. Swichi zenye Spanning Tree kwa kawaida hutoka kiwandani na kipaumbele cha 32768, na yenye namba ndogo ndiyo huwa mzizi. Ukiziacha hivyo, mzizi huwa ile yenye anwani ndogo zaidi ya MAC, namba ya utambulisho ambayo kila kifaa hupewa kiwandani, na inaweza kuwa kile kisanduku kikuukuu kuliko vyote. Niliipa swichi kuu 4096. Poti za kompyuta, yaani matundu ya kuchomekea kebo zake, nikaziwekea kinga iitwayo BPDU guard: ujumbe wa Spanning Tree ukitokea upande huo, poti inajifunga na jengo lote linaendelea na kazi.

Baada ya hapo niligawa VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi zile zile: kamera peke yake, simu peke yake, makeshia peke yao. Pakiti za simu nikazipa DSCP 46, alama ya kipaumbele, ili zitangulie kwenye foleni ya swichi. Sauti haihitaji nafasi kubwa. Inachohitaji ni kutosubirishwa nyuma ya faili la kamera.

Kati ya ghorofa nilipitisha kebo mbili na kuziunganisha kwa LACP, utaratibu unaofanya kebo kadhaa zitumike kama njia moja. Faili moja halitakwenda kasi maradufu, maana kila mtiririko hufuata kebo moja, ila ikikatika moja nyingine inabeba yote. Nilimpigia keshia wa juu, nikachomoa moja tukiwa tunaongea.

“Dada, bado unanisikia?”

“Nakusikia vizuri, fundi. Kwani umefanya nini?”

Sasa nimepeleka ombi la UPS, betri ya dharura, ya kabati la swichi la ghorofa hiyo, kwa sababu stima ikipotea kule juu, kebo zote mbili zinakosa swichi ya kuzipokea.