Siku moja na simu ya dharura: msaidizi wa kisheria wa watu wa LGBT, Mombasa

Saa 12 asubuhi. Ujumbe wa usiku kucha unasomwa, na mwingi ni wa aina moja. Kijana kaalikwa na mtu waliyejuana kwenye programu ya kutafuta wapenzi. Kufika chumbani, wakajitokeza wanaume wengine. Kapigwa, kapigwa picha akiwa uchi, kalazimishwa kutoa PIN ya M-Pesa. Sasa wanadai zaidi, la sivyo picha ziende kwa wazazi.

Kwanza tunauliza kama yuko salama na kama ameumia. Kisha hela: ujumbe wa muamala unatumwa kwa 456 kuomba urejeshwe, lakini mpokeaji akishatoa pesa kwa wakala, hapo hamna kitu. Asilipe tena, maana anayelipa mara moja hudaiwa tena. Na asifute mazungumzo. Wengi hutaka kufuta kwa aibu. Apige skrinshoti za gumzo, profaili na namba upesi, kwani jamaa akimbloku, gumzo linaweza kutoweka lote.

Saa 2. Kama amebakwa, hospitali hutangulia kituo cha polisi. Asioge. Nguo aliyovaa iwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya kuambukizwa au kuhofiwa kuambukizwa, zianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na zimezwe siku 28.

Saa 4, kituoni. Hapa ndipo kesi hupona au hufia. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kuhusu ngono "kinyume cha maumbile", kina kifungo cha miaka 14, cha 165, kuhusu vitendo vya ngono kati ya wanaume, miaka 5, na mlalamishi huingia akiamini atakamatwa yeye. Vifungu hivyo vinaadhibu tendo. Havimtaki mtu aliyeporwa aeleze anampenda nani. Taarifa yake yatosha ikisema: nilialikwa na mtu niliyefahamiana naye mtandaoni, nyumba fulani, saa fulani, wakanipiga, wakachukua hiki na hiki. Asitunge kisa cha kuitwa kazini, maana gumzo likitolewa kortini uongo huo unaangusha kesi nzima. Aisome taarifa kabla ya kutia sahihi, na hasa kama yeye alisema kwa Kiswahili na afisa akaandika kwa Kiingereza. Asiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Mambo yakigeuka akawekwa ndani, hatubishani kaunta, tunamwita wakili. Ibara ya 49 ya Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila muda huo ukiishia siku isiyo ya korti, husubiri siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni kunatutia hofu kuliko siku nyingine. Kwenye faili hukaa nakala ya hukumu ya Mahakama ya Rufani, Mombasa, ya tarehe 22 Machi 2018, iliyotokana na kesi ya Ukunda: kuwapima washukiwa njia ya haja kubwa kwa lazima ni kinyume cha Katiba. Ukurasa wenye amri umetiwa alama, maana hakuna afisa atakayesoma zote.

Saa 8 mchana. Mwenye nyumba katia kufuli baada ya kusikia umbea. Barua fupi ya wakili kwamba hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya korti huwa inatosha, kodi ikiwa imelipwa. Kama ana deni, tunaomba muda tu.

Saa 10. Makaratasi. Tangu Mahakama ya Juu iamue tarehe 24 Februari 2023 kwamba watu wa LGBT wana haki ya kusajili mashirika yao, wageni hutuuliza mbona hatuna kibao mlangoni. Kesi iliwapa haki ya kusajili; majirani ni habari nyingine. Majina hayaandikwi kwenye faili, ila namba za siri tu, na orodha inayoonyesha namba hizo ni za nani haikai chumba kimoja na faili.

Saa 1 usiku, simu inakabidhiwa wa zamu ikiwa na chaji kamili, pamoja na namba za mawakili wawili: wa kwanza huenda yuko kortini au kalala.