Kabla nyundo ya kwanza haijagonga ukuta

Mkandarasi anayekutajia bei ya kubomoa kwa simu, jengo hajaliona, mwache. Bei hutegemea kuta ni za nini, zege lina nondo kiasi gani, na lori litapita wapi. Kifusi ndicho kinachowaponza wengi: ukuta ukivunjwa hutanuka, na mita 1 ya ujazo ya matofali huweza kujaza mita 1.5 hivi ndani ya lori. Mkataba useme nani analipia usombaji, na kama msingi utang'olewa au utaachwa ardhini.

Umeme, maji na gesi vikatwe na mashirika yenyewe, kwenye laini inayoingia kiwanjani. Kuzima swichi kuu hakutoshi. Dai uthibitisho wa maandishi.

Jengo la zamani likaguliwe kwanza kama lina asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi: vigae vya saruji, dari, vifuniko vya mabomba ya moto. Ikivunjwa kavu hutoa nyuzi zisizoonekana, na madhara kwa mapafu huja miaka mingi baadaye. Anayesema "tutaimwagia maji tu" hafai kabisa. Kazi hiyo ina mafundi wake.

Nyumba hubomolewa kinyume cha ilivyojengwa: paa, dari, sakafu za juu, kuta, kisha msingi. Kuchimbua ukuta kutoka chini ndiko kunakoua vibarua. Jioni pia, ukuta uliobaki peke yake usiachwe bila mihimili. Upepo wa usiku unatosha kuuangusha.

Kama jengo la biashara limeshikana na la jirani, piga picha zenye tarehe za nyufa za jengo hilo la jirani kabla kazi haijaanza, jirani mwenyewe akiwepo.