Chupa ya maji ya chumvi

Jana nilikuwa napanga kabati ya jikoni, ile ya juu ambayo huwa sifungui, kijana wangu akatoa chupa ya soda ya nusu lita nyuma ya sufuria kubwa, akaitikisa, akaniuliza, mami haya maji ni ya nini na mbona yameandikwa tarehe? Kwa selotepu kuna biro imefifia, 16/8/2018. Ni mwandiko wa mamangu. Nikakaa chini kwanza.

Hiyo 2018 nilikuwa nimeweka kando 12,000, kidogo kidogo, na nikaapa mama lazima aone bahari kabla afikishe miaka sitini. Tukatoka Nakuru mchana, tukalala kwa binamu yangu Mlolongo, asubuhi tukapanda treni ya SGR ya saa mbili kwenda Mombasa, 1,000 kila mtu kwenda, 1,000 kurudi. Pale Tsavo tukaona ndovu wamejipaka ule udongo mwekundu na mama akasema hata tukirudi saa hii nauli imeshalipa. Lojing tukapata karibu na Mwembe Tayari, 1,000 kwa usiku, kitanda kimoja, feni inalia lakini inazunguka. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana dafu moja tunagawana, jioni mihogo ya kukaanga pale Lighthouse, imepasuliwa katikati ikatiwa pilipili na ndimu, unakula ukiangalia maji. Fort Jesus tuliiangalia kutoka nje, tukakaa kivulini chini ya zile kuta Wareno walianza kujenga 1593, mama akavua viatu. Nilikuwa na kijitabu naandika kila shilingi, hata ile kumi ya choo.

Lakini nataka kusema ya feri.

Siku ya pili nilimpeleka kwa feri ya Likoni kwa sababu nilijua kitu kimoja tu, mtu wa miguu halipi. Tukangoja na umati kwa shedi, geti likafunguliwa, watu wakateremka wote pamoja kama mtu amewaita, vijana wa mikokoteni wanapiga miluzi wapishwe, wamama na ndoo kichwani, na mama amenishika mkono kama mimi ndio nilimzaa. Tukavuka. Ng'ambo tukashuka, tukageuka, tukapanda tena. Akaniuliza, hata sasa hatulipi? Nikamwambia hatulipi. Akasema, basi twende tena.

Hiyo mara ya tatu feri ilijaa lakini haikuondoka. Watu wa pale hawakushtuka, mmoja anakula kachri, mwingine amesinzia akiwa amesimama. Halafu kivuli kikaja juu yetu. Ilikuwa meli, inaingia bandari ya Kilindini, inapita mbele yetu karibu sana, ukuta mweusi unatembea polepole na sauti ya chini chini unayoisikia kwa miguu kabla ya masikio, na juu yake makontena yamepangwa moja juu ya lingine, nyekundu, buluu, kijani, mama akainua kichwa mpaka kitambaa kikateleza nyuma na hakukirudisha.

"Hizo masanduku zinabeba nini?" akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi.

Mzee mmoja wa kofia aliyekuwa na baiskeli akamjibu, "Kila kitu mamangu. Gari, mchele, mitumba, vyote vyaja humo."

Mama akaniachilia mkono. Akashika ile bomba ya pembeni kwa mikono miwili. Mnajua mama ameuza mitumba Nakuru tangu niko darasa la pili, nguo za watoto, anafungua beli, lile robota la nguo, saa kumi na moja asubuhi kwa tochi kwa sababu ukichelewa wanunuzi wamechukua kamera, zile nguo safi kabisa, kwa wengine na wewe unabaki na fagia, zile za mwisho. Karo yangu ilitoka hapo, na ya ndugu zangu wawili, na mabati ya nyumba. Na hiyo miaka yote kwake beli ilikuwa inaanzia Gikomba, lile soko la mitumba la Nairobi. Hakuwahi kufikiria kuna mahali inatoka kabla ya Gikomba, na mimi niliyesomeshwa na hizo nguo sikuwahi kumwambia.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Beli mbili kwa mwezi, miaka ishirini na moja. Mia tano na nne, akasema. Akaangalia meli ikipita mpaka mwisho wake, akauliza, hizo zingekuwa masanduku ngapi? Mzee hakujua, mimi pia sikujua, feri ikanguruma tukaondoka. Mpaka tunashuka ng'ambo hakuongea tena, na machozi yalikuwa yanateremka tu bila yeye kuyapangusa.

Baadaye sana nilikuja kuuliza mtu wa mabeli Gikomba. Kontena moja ya futi 40 inaingia beli mia tano na kitu, akaniambia. Moja. Sijawahi kumwambia mama, kwa sababu sijui ataona ni kidogo ama ni nyingi, na mimi mwenyewe siku zingine naona hivi na siku zingine naona vile.

Siku ya tatu tukaenda ufuo wa umma wa Bamburi, ule wanaita Pirates, tukapata maji yamekupwa, mama akauliza bahari imeenda wapi. Ikarudi. Kijana wa boti ya kioo akatufuata, waona samaki wote chini mamangu, rangi kila aina, na tukashindana bei mpaka 600 watu wawili. Mama alikuwa ameshakunja rinda. Nikafungua kijitabu, nikamwambia wakati mwingine. Akasema sawa, akachota maji kwa chupa mbili, moja ya kuonyesha wenzake sokoni, moja ya kwangu. Kwa stesheni ile ya Miritini tukapanga mizigo mbwa wanuse, askari akaokota chupa akauliza ni nini, mama akamwambia ni bahari, na askari akairudisha taratibu kwa mikono miwili.

Nakuru nilifika na 1,150 kwa pochi. Hiyo hesabu naikumbuka kuliko zote kwa kile kijitabu, na bado inaniuma.

Kijana aliomba kuonja, nikamwambia hayo yamekaa sana, akanusa tu, akafunga kifuniko kwa nguvu. Jioni nikampigia shosho yake. Kitu cha kwanza akauliza ni kama feri bado ni bure. Nikamwambia bado. Akanyamaza, nikamsikia anavuta kiti, halafu akasema ile mteremko ya kwenda kwa maji magoti yake yataiweza, bora kuwe na mtu wa kumshika mkono.