Saa ya Corolla ya Mama

Saa ya gari la Mama imewaka tena leo, na nimefurahi kiasi kwamba nimeona nisilale kabla sijaandika.

Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1997, mtumba wa Japani, ambalo Mama alilinunua alipokuwa bado anafundisha. Saa imekaa katikati ya dashibodi. Ina tarakimu za kijani na vitufe vitatu: H cha kusogeza saa, M cha dakika, na kile cha :00. Ilianza kwa kufifia. Ukiegesha juani pale Kirumba, hapa Mwanza, ukirudi unakuta giza tupu. Usiku ubaridi wa ziwani ukiingia, inarudi yenyewe. Baadaye ikataka kugongwa. Mama alikuwa anaigonga kwa pete yake kila tukitoka getini, nasi tuliokaa nyuma tunangoja kuona kama itaitika. Mwishowe ikagoma kabisa.

Ushauri haukukosekana. Kila mtu ana simu, saa ya gari ya nini? Mdogo wangu akashauri tufunge redio ya kisasa yenye skrini kubwa, inayojirekebisha saa yenyewe kwa mtandao. Ni redio nzuri, sina ugomvi nazo. Ila saa ya Mama haijawahi kusomeka kama saa za simu. Yeye huitega Kiswahili. Saa moja asubuhi inaandika 1:00, saa nne inaandika 4:00. Mtu akipanda gari lake hafanyi hesabu ya kuongeza wala kupunguza sita. Anachokiona ndicho anachokitamka. Bibi yangu, ambaye hakukaa sana darasani lakini tarakimu anazijua, alikuwa anaisoma ile saa toka kiti cha mbele na kututangazia muda njia nzima. Saa ya simu hakuwahi kuitaka.

Kuna jambo nililigundua nikiwa mkubwa, na mpaka leo linanipendeza. Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili: sisi tuko saa 3 mbele ya Greenwich, wao 9. Hapa ikiwa saa moja asubuhi, Tokyo ni saa saba mchana, na saa ya tarakimu ya huko, ile inayoishia 12, inaandika 1:00. Kwa hiyo Mama alipoitega Kiswahili aliirudisha kwenye saa za kwao ilikotengenezwa, bila yeye kujua. Nilipomweleza alicheka, akasema, "Basi haikupata shida kuzoea, mwanangu."

Hesabu yetu inaanzia jua linapochomoza, na huku kwetu, kusini kidogo tu ya ikweta, jua halibadiliki sana mwaka mzima. Ila Mwanza tuko magharibi, hivyo linatufikia kama dakika 25 baada ya kuwafikia watu wa Dar es Salaam. Wanafunzi wa Mama waliotoka nyumbani saa kumi na mbili kamili walitembea gizani. Alikuwa analikumbuka hilo kila alipomwona mtoto amechelewa namba ya asubuhi shuleni.

Na kulikuwa na kivuko. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwezi Juni 2025, safari ya kwenda Sengerema kwa wajomba ilikuwa ni kupanga foleni Kigongo. Madirisha yote wazi, wauza karanga na samaki wa kukaanga wanapita, na ndani ya gari watu watano tunaitazama saa ileile moja. Simu ni ya mwenye nayo. Saa ya dashibodi ilikuwa ya wote tuliomo. Mjomba alikuwa anakadiria: ikifika saa tano hatujavuka, msiba tutaukuta umeshaenda makaburini. Hakuna aliyebishana na zile tarakimu. Sasa zile kilomita tatu za maji tunazipita juu kwa juu, dakika chache tu, na bado nikifika katikati ya daraja jicho langu linaenda dashibodini.

Nilianza na fyuzi, kwa sababu ni bei rahisi na mara nyingi fyuzi moja hulisha saa pamoja na taa ya ndani. Taa ilikuwa inawaka, basi fyuzi nzima. Fundi umeme wa gereji moja huku Mabatini akafungua dashibodi taratibu kwa bisibisi aliyoizungushia kitambaa ili asikwaruze plastiki. Nyuma ya saa kuna nyaya nne: moja ya umeme wa kudumu unaotunza muda gari likiwa limezimwa, moja ya umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, moja ya taa za nje inayopunguza mwanga wa tarakimu usiku, na ya nne ni hasi. Akapima kwa mita. Umeme ulikuwa unafika wote. Ubovu ulikuwa ndani ya saa.

Hapo ndipo wengi wanatupa. Nami nilipita maduka ya spea mjini, nikapata saa ya gari jingine la Toyota, ndugu kabisa kwa sura. Fundi akaizungusha mkononi, akalinganisha soketi, akanirudishia. Soketi inaingia, lakini mpangilio wa nyaya si uleule. Ukichomeka tu kwa kuwa imekubali, unaweza kuiunguza. "Tufungue hii ya Mama kwanza," akasema. Nilimpenda kwa neno hilo.

Ndani kuna bodi ndogo ya kijani, na tarakimu zinatoka kwenye kioo chembamba kilichotolewa hewa, chenye nyuzi ambazo unaziona ukikielekeza kwenye mwanga. Kuna pia kristali ya kwatzi. Katika saa nyingi za namna hii hutetema mara 4,194,304 kwa sekunde, na saketi inaigawa namba hiyo kwa mbili, tena na tena, mara 22, mpaka ibaki moja. Hiyo moja ndiyo sekunde yetu. Fundi hakuigusa. Aliigeuza bodi, akasogeza taa, akaniita nichungulie. Kuzunguka mguu wa rezista moja kubwa, kile kipande kinachopunguza umeme, lehemu ilikuwa na ufa wa mviringo, mwembamba kama unywele.

Rezista ile hupata moto kila mara saa inapowaka. Inatanuka, inapoa, inasinyaa, miaka nenda rudi, na juu yake mtikisiko wa barabara zetu za mawe. Lehemu inachoka, inaachia. Jua likipiga dashibodi mguu unasogea, umeme unakatika. Mama akigonga unagusana tena. Pete yake ilikuwa inatibu ugonjwa wenyewe hasa, ingawa kwa dakika chache.

Fundi aliinyonya lehemu ya zamani, akasafisha kwa spiriti, akaweka mpya. Moshi mdogo ukapanda. Kisha akapitia na miguu ya jirani, kwa sababu kilichochosha mmoja kimeichosha yote. Akachomeka bodi ikiwa bado wazi mkononi, nikazungusha ufunguo, tarakimu zikaja, kali kuliko ninavyozikumbuka.

Mama aliitega mwenyewe jioni. Alingoja milio ya redio kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kidole kikiwa kwenye :00. Kitufe hicho kina akili: dakika zikiwa chini ya 30 kinarudisha nyuma kwenye saa kamili, zikiwa 30 au zaidi kinasogeza mbele. Mlio wa mwisho ulipolia, akabonyeza. 2:00.

Kofia ya kitufe cha H ilikuwa imekatika zamani, tunabonyeza kwa njiti. Nikipata saa mbovu ya Corolla 110 popote nitainunua kwa ajili ya kitufe hicho, na fundi ameshaniambia bodi yake nimpelekee yeye.