Chenga Moja Katika Mia

Mwezi 29 Ramadhani, mwaka 1997, televisheni yetu ya Michenzani ilikataa kushika. Nyumba nzima tunangoja kutangaziwa kama mwezi umeandama, na kioo kimejaa chenga tupu, kinavuma shhh. Mimi niko roshani nageuza antena iliyonyewa na kunguru, Ami yuko mlangoni: "Rudisha! Hapo hapo! Ah, umeipoteza." Baba alichoka, akatoka kwenda msikitini kusaka habari.

Ami alikuwa anasoma fizikia Dar es Salaam, na siku hizo hakosi la kusema. Akasema katika chenga zile, kama moja katika mia haitoki kituo chochote. Ni mabaki ya mwanga wa zamani kabisa, ulioanza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000 tu, na sasa uko njiani miaka bilioni 13 na ushei. Ulimwengu ulivyozidi kutanuka, mwanga nao ukavutika na kupoa, hata jicho haliuoni tena; antena ndiyo inaupata. Waliougundua, Penzias na Wilson, huko Marekani mwaka 1964, mwanzo walidhani ni uchafu. Walikuta njiwa wamefanya makazi ndani ya antena yao, wakawaondoa, wakasugua mavi yote. Uvumi ukabaki vile vile.

Nikatazama vidole vyangu.

Bibi alikuwa mkekani, ungo mapajani, anachagua mchele wa pilau ya Sikukuu. Hakuinua kichwa. "Na huo mwanzo uko upande gani? Mwambie mtoto aigeuzie huko."

"Hauna upande, Mama. Elekeza Bububu, elekeza Makunduchi, unakuja sawasawa."

Hilo lilinishinda, na bado hunishinda nikilala chali usiku. Ami alisema mwanzo haukutokea pahala pamoja ukasambaa. Ulitokea kila pahala, na hapa petu pamo.

Bibi aliokota chenga moja ya mchele, akaisogeza karibu na macho, kisha akaitazama televisheni kwa muda.

"Njoo ndani ukae," akaniambia. "Iache hiyo antena."

Baba aliporudi alitukuta watatu tumekodolea chenga.

"Haijashika tu?"

"Imeshika," alisema Bibi. "Mwezi je?"