Siku Moja na Kamera Yangu Bustani ya Jeevanjee

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Julai hapa Nairobi ni mwezi wa masweta na manung'uniko. Sisi wapiga picha wa bustanini tunaupenda kimyakimya. Wingu likiufunika mji, mwanga unasambaa sawasawa usoni, pua haitupi kivuli mdomoni, na hata mtu aliyelala vibaya anatoka safi. Nilipofungua mlango kwangu mtaa wa Umoja nikaona ukungu umeshuka hadi kwenye nyaya za stima, nikajua leo kuna kazi.

Nikakagua betri, memori kadi na bahasha za picha. Mwisho nikakunja lile koti jeusi na tai, vazi la wateja wa picha za vitambulisho na barua za kazi. Koti hilo limevaliwa na watu wa kila umbo, na kwa mbele linamkaa kila mtu vizuri kwa sababu kwa nyuma nalibana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Saa mbili kasorobo

Matatu ilitushusha barabara ya Tom Mboya. Nikavuka Moi Avenue, nikaingia bustanini. Jeevanjee ni kama ekari tano tu, imebanwa kati ya Moi Avenue, Muindi Mbingu, Monrovia na Moktar Daddah. Mwenye haraka anaikata kwa dakika mbili akatokea upande wa pili, na wengi wanaijua hivyo tu, njia ya mkato. Mimi riziki yangu iko kwa wanaopunguza mwendo.

Sijamaliza kutundika ubao wa sampuli, kijana mmoja akasimama mbele yangu.

"Boss, samahani. Hiyo tai unauza?"

"Siuzi. Naazima."

Alikuwa na intavyuu saa tatu, jengo moja huko Koinange, na mtu fulani alikuwa amempigia simu akiwa ndani ya matatu kumwambia kwamba hapo bila tai hutazamwi. Nikamuuliza ataniachia nini. Bahasha ya vyeti aliihitaji, simu aliihitaji. Akatia mkono mfukoni akatoa funguo mbili kwenye waya.

"Za nyumba. Ukitoroka nazo leo nalala nje."

Nilimfunga tai mimi mwenyewe maana vidole vyake vilikuwa havishiki. Shingo ilikuwa imenyolewa alfajiri hiyo, vipele vya wembe bado vyekundu, na kola ya shati ilikuwa imegeuzwa na fundi, ule upande uliochakaa ukafichwa ndani. Kazi safi, ungekuwa mbali usingeigundua. Akaenda, na kila hatua tatu anaishika tai kuhakikisha bado ipo. Jina lake sikuuliza.

Saa tatu

Bwana Mkoba akafika. Hilo ndilo jina tunalomwita, na sidhani analijua. Suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi, mkoba wa ngozi wa kufungwa kwa namba. Hukaa benchi lilelile, akatandika gazeti, akaweka mkoba magotini, akasoma gazeti jingine kuanzia nyuma. Saa kumi na moja jioni, ofisi za mji zikifungwa, na yeye anafunga. Watu kama yeye wapo kila bustani ya mji huu. Walitoka nyumbani asubuhi wakaaga wanaenda kazini, na kweli wametoka. Hapa hakuna anayemuuliza kazi gani.

Na si ukarimu tu, ni desturi ya mahali. Nairobi ukijitambulisha kwa jina moja, mwenzako husubiri la pili, kwa sababu la pili ndilo linalomwambia watu wako ni akina nani na labda ulimpigia nani kura. Likishatoka hilo, linafuata "unafanya wapi?" Kwenye benchi la Jeevanjee maswali yote mawili hayana adabu. Unaitwa brathe, mathe, mzee, customer, unaongea nusu saa juu ya magonjwa yako na deni lako, kisha unainuka. Nimesikia siri nzito hapa kutoka kwa watu ambao nikikutana nao kesho stendi ya Kencom sitajua niwasalimie vipi.

Saa nne mpaka saa sita

Asubuhi ikaenda. Wanafunzi wanne wa chuo waliotaka picha moja na wakabishana nani ailipie. Mama na mapacha wake, mmoja analia, mmoja anacheka, kisha wakabadilishana. Mtu wa picha ya kitambulisho. Dada mmoja alinipa simu yake nimpige bure, nikampiga, alipoona tofauti akarudi akataka na ya kamera. Wanaosema simu imeua kazi yetu hawakosei sana, ila simu bado inahitaji mtu wa kuishika kutoka mbali kidogo, na mtu huyo awe na subira.

Kidogo baadaye akaja mgeni kutoka Eldoret, mzee mchangamfu mwenye kofia ya sufu, akataka picha "pamoja na Malkia." Kabla sijafungua mdomo, Bwana Mkoba akalishusha gazeti.

"Malkia Victoria walimvunja kichwa mwaka 2015, mzee wangu."

Mgeni akashangaa. Bwana Mkoba akamsogezea nafasi, na somo likaanza. Mwenye jina la bustani, Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyekuja kutajirika wakati wa ujenzi wa reli, aliitoa kwa watu wa mji mwaka 1906 wapate pa kupumzikia, sanamu ya Malkia ikiwemo. Mwaka 1991 kukawa na mpango wa kujenga maegesho ya magari ya ghorofa papa hapa. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kuupinga, na Wangari Maathai akasimama naye. Miaka miwili kabla, mama huyo alikuwa amelizuia jumba la ghorofa sitini lisijengwe Uhuru Park. Mpango wa magari nao ukafa.

"Kwa hivyo hapa ulipokaa," akamaliza, "pangekuwa pa kuegesha Probox."

Mzee akalitazama benchi, akalipapasa. "Basi nipige na maua."

Saa saba

Saa ya chakula cha mchana bustani inajaa. Upande mmoja mhubiri na spika yake ya kubeba begani. Upande mwingine Bunge la Mwananchi, wanaume waliosimama duara na mabishano yasiyo na spika wa aina yoyote: bei ya unga, ushuru, nani aliuza nani. Katikati watu wamelala nyasini wamejifunika magazeti uso. Mama chai anapita na birika lake akiwaruka. Nilikula chapati na madondo nimesimama. Saa hii sipigi picha nyingi, watu hawapendi kupigwa mdomo ukiwa umejaa.

Saa nane

Hawa sasa ndio walioifanya Jumatano hii niiandike.

Walikuja kutoka upande wa Muindi Mbingu wameshikana mikono, mwanamke na gauni la rangi ya krimu, sweta la buluu juu yake, na maua ya waridi ya soko la City Market yaliyofungwa kwa gazeti. Mwanamume koti jipya, lebo bado imeshonwa mkononi. Walikuwa wametoka Sheria House, Harambee Avenue, kufunga ndoa kwa msajili. Sheria inataka mashahidi wawili. Walikuwa nao, wenzao wa kazini, ila hao walitia sahihi wakakimbia kurudi kabla bosi hajauliza. Kwa hivyo wakabaki wawili.

Nikawapa bei: mia moja kila picha, ikiwa imechapwa na bahasha juu. Nikawapiga wamesimama, wamekaa, wanatazamana, wanatembea. Bibi harusi akaja kuangalia kwenye skrini. Akanyamaza.

"Tunaonekana kama tumetoroka."

"Si ni kweli?" akasema bwana harusi, wakacheka wote, lakini bibi harusi akaacha kucheka kwanza. Watu wa kwao wako mbali, akaniambia, na wa upande wa mume hawajakubali. Akatazama mabenchi. "Hawa wote wanamngoja nani?"

"Hawangoji mtu."

"Waweza kuniitia?"

Basi nikaita. Wa kwanza kukubali alikuwa mpiga rangi viatu wa kona ya Moi Avenue, akaja na aproni yake. Mama chai akakubali lakini akakataa kuacha birika ("hili halikai peke yake, si hapa"), likaingia kwenye picha. Wanafunzi wale wa asubuhi walikuwa wamerudi. Wawili wakawa wasimamizi bila kuulizwa. Mhubiri akasema atakuja akiruhusiwa kuomba. Bunge la Mwananchi likagawanyika: mmoja akadai akidi haijatimia, mwingine akataka kujua ni upande gani wa harusi wanawakilisha, mpaka mjumbe mmoja akakata shauri kwa kwenda kusimama nyuma, na wengine wakamfuata huku bado wakibishana.

Ikakosekana baba. Sikumwita mimi. Bibi harusi alienda mwenyewe hadi kwenye benchi, akainama kidogo, akasema maneno ambayo sikuyasikia. Bwana Mkoba akafunga gazeti, akapangusa mabega ya suti, akasimama. Mkoba akauacha kwa mwanafunzi mmoja. Alipofika mbele alimtazama bwana harusi kuanzia viatu.

"Wewe kijana umemchukua binti yangu. Mbuzi wangu wako wapi?"

Umati ukalipuka. Bwana harusi akatia mkono mfukoni akatazama alichobakiwa nacho, akamgeukia mama chai. "Wape wote chai, mama." Hayo ndiyo yakawa mahari, na mama chai akahesabu vikombe kama karani wa benki.

Sasa maombi. Mhubiri alianza na Adamu. Alipofika kwa Ibrahimu na Sara wingu likapasuka, jua likatoka kali, na kila uso ukawa na miwani ya kivuli. Nikavumilia mpaka kwa Yakobo.

"Mchungaji, mwanga wangu!"

"Amina," akasema hapo hapo, na kila mtu akaitika. Wingu likarudi, nikapiga haraka kabla mtu hajakumbuka kazi zake. Kwenye ile bora zaidi bibi harusi amegeuka kumwangalia Bwana Mkoba, na Bwana Mkoba ametazama mbele wima, mikono nyuma, kama aliyefanya harusi nyingi za mabinti.

Bibi harusi akaagiza nakala kwa kila aliyesimama. Nikamwambia hilo ni pesa. Akasema anajua. Akanitumia kwa M-Pesa, na simu ikaniletea jina lake, lote, hadi la pili. M-Pesa haijui adabu za benchi. Sikulitamka.

Saa tisa na nusu

Nikamwachia mpiga rangi viatu ubao, nikakimbia na memori kadi kwa jamaa mwenye mashine ya kuchapa upande wa Tom Mboya. Foleni. Nikarudi na bahasha kifuani ndani ya jaketi. Maarusi wakachukua zao, wakashika njia ya stendi.

Kijana wa tai akatokea. Aliitoa kwa kuipitisha kichwani, fundo likiwa limefungwa vilevile.

"Wamesema watapiga simu."

Nikampa funguo zake.

"Kesho nina nyingine, Upper Hill, saa nne. Usilifungue hilo fundo."

Saa kumi na moja

Kugawa picha. Mpiga rangi viatu akaibandika yake papo hapo kwenye kiti cha wateja. Mhubiri akalalamika kwamba macho yake yamefumba. Nikamkumbusha alikuwa anaomba. Akauliza kama kuna moja aliyokuwa hajaanza. Bunge likasambaa na zao, na nilimsikia mjumbe mmoja akimweleza mpita njia kwamba huyo ni mpwa wake.

Bwana Mkoba alikuwa tayari ameshakunja magazeti. Nikampa yake. Akaitazama muda mrefu, akaisogeza mbali kidogo kama wafanyavyo watu waliosahau miwani. Nilidhani ataitia mkobani. Akanirudishia.

"Niwekee."

"Ni yako, mzee. Imelipiwa."

"Najua. Lakini nikiifikisha nyumbani, mama watoto ataniuliza Jumatano saa nane mchana nilikuwa harusi ya nani."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitaja nyumbani. Nikaichukua. Akaangalia saa, akashika mkoba, akasema "tuonane," akaingia kwenye wimbi la watu wanaotoka maofisini, na baada ya hatua chache suti yake ikawa suti kati ya suti.

Nikaitia picha kwenye bahasha peke yake, nikaiweka ndani ya koti jeusi, juu yake tai na fundo lake. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikakunja ubao nikakimbia, kwa sababu tone la kwanza likigusa kioo, makanga wa Umoja wanapandisha nauli hapo hapo, na hawasikii habari ya mtu.