Mama, barakoa na tasbihi

Mama yangu hajavuta sigara hata siku moja. Kapikia kuni na makumbi ya nazi zaidi ya miaka arubaini, hapa Wete, katika jiko lisilo dirisha. Kule kubanwa pumzi kwake sisi tukikuita pumu. Daktari akasema hapana, haya ni mapafu yaliyochakaa kwa moshi.

Mwaka jana akawa anaamka kichwa kinamgonga, na mchana anasinzia na kikombe cha chai mkononi. Mie nikadhani hewa haimtoshi, nikaifungua oksijeni zaidi. Lo! Akazidi kulala, ukimwita haitiki sawasawa. Kumbe shida yake ilikuwa kutoa: hewa ukaa ilikuwa inamjaa mwilini, na oksijeni ikizidi nayo inapanda. Tangu hapo kipimo cha kidoleni, kinachoonesha oksijeni ya damuni, tunakitaka kati ya asilimia 88 na 92, basi. Jirani akiona 90 anashtuka, namkaribisha chai.

Tukapewa mashine inayosukuma upepo kwa barakoa, hakuna mpira wa kooni. Akivuta inamsukumia kwa nguvu, akitoa inalegea. Usiku wa kwanza kaing'oa: "Mwanangu, wanizamisha!" Wa pili vilevile. Nikakaza mikanda, na hapo ndipo nilipoharibu. Upepo ukamvuja machoni, mwamba wa pua ukachubuka.

Kidonda kilipokauka tukaanza upya, mchana, kakaa kitako. Mashine inawaka, barakoa kaishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto bila mikanda, kulia ana tasbihi. Punje 33, anaitoa. Siku zilizofuata akafika 99, kisha akawa hahesabu tena. Wiki ya pili ndipo nikafunga mikanda, kidole kinapita chini yake. Upepo ukiingia, ule mpira laini wa barakoa unajaa na kukaa wenyewe usoni.

Umeme ukikatika tuna betri ya gari na inveta. Kisanduku cha mashine cha kupasha maji, kile cha kuutia upepo unyevu, ndicho kinachokula umeme, hicho nakizima, mashine inafika alfajiri.

Siku hizi analala nayo saa sita, saba. Kichwa cha asubuhi kimeondoka. Juzi kaniita saa nane za usiku, nikaruka kitandani nikijua betri imekwisha. Alitaka nimkune pua.